Pareto: uanze na miche ya mbegu au vipandikizi?

Anayetaka kupanda pareto, zao la maua yanayotoa sumu ya kuua wadudu, kwa mara ya kwanza ana njia mbili za kawaida. Anaweza kuotesha mbegu kitaluni na kuhamisha miche, au kupata vipandikizi, yaani vipande vya shina kubwa lililong'olewa na kugawanywa, kila kipande kikiwa na mizizi yake. Wengi huamua kwa kulinganisha bei tu. Bei ni kipimo dhaifu kwa zao la kudumu. Ukishapanda, unakaa na mashina yale yale miaka 3 hadi 4, ukichuma kila baada ya wiki 2 au 3 msimu unapochanganya. Kinachotenganisha njia hizi mbili ni mambo matatu: maji ya kiangazi, kiasi cha sumu kwenye ua, na kinachosafiri ndani ya mizizi. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloua mashamba.

Tuanze na hesabu, maana inahusu njia zote mbili. Nafasi iliyozoeleka ni sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya shina na shina. Hapo ekari moja inabeba mashina kama 22,000, na hekta moja karibu 55,000. Ukiambiwa miche 10,000 inatosha ekari, ama utaacha nusu ya shamba kwa magugu, ama anayekuuzia hajui zao hili.

Maji na muda

Miche ya mbegu hukaa kitaluni miezi 3 hadi 4. Inatakiwa iwe tayari mvua za kupandia zinapoanza, na kwa hiyo inakua wakati wa kiangazi. Molo, Kuresoi na Kinangop nchini Kenya, mvua za masika huanza Machi au Aprili. Kitalu kinaandaliwa Desemba na kumwagiliwa Januari na Februari yote. Mufindi, Njombe na nyanda za Mbeya nchini Tanzania zina msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba. Huko mbegu inamwagwa Agosti, majira ambayo mito midogo imepungua na mabonde mengine yanapigwa sakitu alfajiri. Musanze na Burera nchini Rwanda hupata mvua mara mbili kwa mwaka, lakini Juni hadi Agosti ni kavu, na kitalu cha kupandia Septemba kinapita katikati ya miezi hiyo.

Kama huna chanzo cha maji karibu na nyumbani cha kumwagilia mara mbili kwa siku kwa wiki za mwanzo, achana na mbegu. Uamuzi umeshafanyika.

Vipandikizi vinangoja mvua. Udongo ukilowa vizuri hadi kina cha jembe, unang'oa, unagawa na kupanda siku hiyo hiyo. Maua ya kwanza huanza kuchumwa miezi 3 hadi 4 baadaye. Kwa mbegu, hesabu miezi ya kitalu kwanza, kisha mingine kama minne shambani, ndipo uone ua la kwanza. Ni kama msimu mzima wa tofauti, na mtu mwenye karo ya shule kichwani atalipima hilo kwa njia yake.

Kazi yenyewe ilivyo

Mbegu ya pareto ni ndogo na nyepesi, na nyingi huwa tupu. Kabla ya kumwaga yote, hesabu 100, zitandaze juu ya kitambaa kibichi, zifunike, na uhesabu zilizochipua baada ya wiki 2 hadi 3. Zikiota 30 tu, unajua utahitaji mbegu mara tatu ya ulivyodhani. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinaokoa msimu.

Tuta la kitalu liwe na upana wa mita 1, liinuliwe kama sentimita 15, udongo ulainishwe hadi mabonge yaishe. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili isilundikane, imwage kwenye mifereji isiyo na kina iliyoachana sentimita 10, funika kwa udongo laini kidogo sana, kisha tandaza nyasi kavu juu. Ukiifukia sentimita 2 haitoki. Nyasi ziondolewe mara miche inapochomoza, na badala yake uweke kivuli chepesi kilichoinuliwa. Kinachoua miche mingi hapa ni kinyausi: shingo ya mche inaoza usawa wa udongo, mche unalala. Husababishwa na mbegu kurundikwa, kivuli kizito na maji ya jioni yanayokesha juu ya majani. Wiki 2 kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo. Mche ulio tayari una urefu wa sentimita 10 hadi 12 na mizizi inayoshika udongo.

Vipandikizi vinahitaji nguvu zaidi na ustadi mdogo zaidi. Shina zuri la mwaka mmoja na nusu au miwili hutoa vipande 6 hadi 10. Tukichukua 8, ekari moja inataka mashina mama 2,750, sawa na eneo la karibu mita za mraba 500 likiwa limepandwa kwa nafasi ile ile. Ng'oa kwa uma wa shamba, kung'uta udongo, gawa kwa mkono ili kila kipande kiwe na machipukizi 2 au 3 na mizizi ya kutosha. Kile kiini kigumu cha katikati, chenye rangi ya kahawia na kama kuni, tupa, hakichipui. Kata majani yabaki sentimita 10 hivi, punguza mizizi mirefu ili isijikunje shimoni. Vipande vikae ndani ya gunia bichi kivulini, na kila kilichogawanywa asubuhi kiwe ardhini kabla ya jua kuzama.

Kosa la kawaida ni kina. Kitovu cha kipandikizi, pale majani yanapoungana na mizizi, kikae usawa wa ardhi. Ukikizika, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo kinaoza. Ukikiacha kimening'inia, mizizi inakauka. Bonyeza udongo kwa ngumi pande zote mbili, kisha vuta jani moja taratibu: likikatika kabla kipandikizi hakijatoka, umepanda sawasawa.

| | Miche ya mbegu | Vipandikizi |
|---|---|---|
| Maandalizi kabla ya mvua | Miezi 3 hadi 4 kitaluni | Hakuna, ila mashina mama yawepo |
| Maji ya kiangazi | Lazima | Si lazima |
| Usafirishaji | Mbegu ya ekari unaibeba mkononi | Magunia mengi mabichi, siku hiyo hiyo |
| Ufanano wa mashina | Kila shina na tabia yake | Sawa na mama yake |
| Hatari kubwa | Kinyausi, mbegu tupu | Minyoo fundo (minyoo ya mizizini) na kuoza mizizi |
| Kuziba mapengo | Miche huzidiwa na jirani zake | Hushika haraka |

Sumu ndani ya ua

Pareto hailimwi kwa uzuri wake. Kinachonunuliwa ni pairethrini, mchanganyiko wa kemikali sita unaoua wadudu, na zaidi ya asilimia 90 yake imo kwenye vijimbegu vilivyo chini ya vijiua vya njano vya katikati. Petali nyeupe hazina kitu cha maana. Ndiyo maana kiwanda kinapima sampuli ya maua makavu na kulipa kwa asilimia. Kilo 100 za maua makavu zenye asilimia 1.2 zina kilo 1.2 ya pairethrini. Zenye asilimia 1.7 zina kilo 1.7. Jasho la kuchuma ni lile lile.

Hapa vipandikizi vina faida ambayo mbegu haiwezi kuifikia. Ua la pareto halikubali chavua ya shina lake lenyewe, hivyo kila mbegu ina baba tofauti na mama yake, na shamba la mbegu linakuwa mchanganyiko: shina hili lina maua mengi yenye sumu kidogo, lile machache yenye sumu nyingi, na la tatu linatoa majani tu. Kipandikizi ni mama yule yule aliyeongezwa. Ukijua mama yako alipimwa na kupata asilimia nzuri, shamba lote litaelekea huko, mradi hali ya hewa ikubali.

Faida hiyo ina sharti. Kama kikundi chenu kinachanganya maua ya wanachama wote gunia moja na kulipwa kwa wastani, asilimia yako ya juu inagawanywa kwa majirani. Kabla ya kulipa zaidi kwa ajili ya vipandikizi vya kloni iliyochaguliwa, yaani ukoo wa mashina yaliyogawanywa kutoka kwa mama mmoja, uliza kama kila mkulima anapimiwa peke yake. Ukijibiwa hapana, mbegu nzuri inaweza kukutosha.

Njia zote mbili zinaharibiwa kwa namna moja wakati wa kuchuma. Tazama duara la njano kwa karibu: vijiua hufunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati. Safu 3 au 4 za nje zikishafunguka na katikati bado kumefunga, hapo ndipo sumu iko juu. Kata kichwa tu kwa kidole gumba na cha shahada. Kila kikonyo kinachoingia kikapuni kinaongeza uzito usio na sumu na kushusha asilimia. Usichume kukiwa na umande, usitumie mfuko wa plastiki, maana maua yanapata joto na kuchacha kabla hayajafika kwenye kitanda cha kukaushia. Kilo 4 hadi 5 za maua mabichi hutoa kilo 1 ya makavu, na ukavu unaotakiwa ni unyevu wa karibu asilimia 10, yaani ua linasagika ukilisugua kiganjani.

Kinachosafiri na mizizi

Minyoo fundo haionekani kwa macho. Aina inayoisumbua pareto zaidi ni ile ya nyanda za baridi, Meloidogyne hapla, na dalili yake huwapita wengi kwa sababu wamezoea mafundo makubwa ya kwenye nyanya. Kwenye pareto vifundo ni vidogo kama shanga, na kutoka kwenye kila kifundo kunachipuka vijizizi vingi vyembamba, hadi mzizi unaonekana kuwa na ndevu. Juu ya ardhi shina linadumaa, majani yanapauka, na likipigwa na jua la mchana linanyong'onyea hata kama udongo una maji. Mkulima anadhani ni njaa ya mbolea.

Mbegu haibebi minyoo hii. Kipandikizi kinaibeba vizuri kabisa, na kikishaipeleka shambani hutaiondoa kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ukinunua vipandikizi, sharti la kwanza ni kuoshewa mizizi mbele yako. Chukua mashina 10 kutoka sehemu mbalimbali za shamba la muuzaji, yaoshe kwenye ndoo na kuyatazama mwangani. Ukiona shanga hizo kwenye mashina mawili tu, ondoka, hata kama bei imeshuka kwa nusu. Pasua pia kitovu cha shina moja au mawili kwa kisu: ndani kuwe keupe au kijani kibichi. Rangi ya kahawia yenye harufu mbaya ni uozo wa mizizi, ugonjwa mwingine unaosafiri kwa njia hiyo hiyo na kushamiri mahali maji yanapotuama. Asili ya pareto ni miteremko ya mawe ya chokaa ya Dalmatia, pwani ya Adriatiki, ambako ipo porini hadi leo. Inavumilia ukame kuliko miguu iliyoloa. Penye udongo mzito panda juu ya matuta, uwe umetumia mbegu au vipandikizi.

Hata hivyo mbegu safi iliyopandwa kwenye udongo mchafu haisaidii. Viazi mviringo, karoti na maharage hufuga minyoo hiyo hiyo, na nyanda zinazofaa pareto ndizo za viazi. Shamba lililotoka viazini lipande kwanza ngano, shayiri, mahindi au nyasi kwa misimu miwili na kulipalilia vizuri. Minyoo hii haiishi kwenye jamii ya nyasi, lakini magugu ya majani mapana yanaihifadhi. Wanaobadilisha viazi na pareto moja kwa moja, kisha kulalamikia mbegu mbovu, ni wengi mno.

Mwinuko

Pareto inahitaji baridi ili itoe vichwa vya maua. Joto likipita nyuzi 24 kwa siku nyingi mfululizo, inabaki majani. Kwa Afrika Mashariki mashamba mazuri yako kati ya mita 1,800 na 3,000, na kadiri unavyopanda ndivyo sumu inavyoelekea kuongezeka.

Kloni huchaguliwa kwa mwinuko wake. Iliyong'ara mita 2,600 inaweza kukunyima maua mita 1,900, na kwa kuwa mashina yote ni ndugu pacha, yote yatakunyima kwa pamoja. Shamba la mbegu haliadhibiwi hivyo: katika mchanganyiko wake yapo mashina yatakayotoa maua hata pale. Basi kwenye ukingo wa chini, mita 1,800 hadi 2,000, mbegu ni salama zaidi, isipokuwa umeona kloni hiyo hiyo ikichumwa kwa jirani mwenye mwinuko kama wako. Usikubali maelezo ya "inafaa nyanda za juu". Uliza ilitoka mita ngapi.

Wapo wanaouliza mbona Tasmania, nchini Australia, inalima pareto kwa mbegu na kufanikiwa. Kule mbegu humwagwa shambani kwa mashine na maua huvunwa kwa mashine mara moja kwa mwaka, kwa hiyo maelfu ya vipandikizi vya mkono yasingelipa. Huku kwetu karibu na ikweta maua huja kwa awamu kwa miezi mingi na huchumwa kwa vidole. Mfano wao hautusaidii kuamua.

Njia ya tatu, na namna ya kuchanganya

Miche ya maabara, inayokuzwa kutokana na vipande vidogo vya kloni ndani ya chupa, inaunganisha ubora wa kipandikizi na usafi wa mbegu. Kasoro yake ni bei, na ulaini: ikitolewa kwenye trei na kupelekwa shambani moja kwa moja, hufa kwa mafungu. Izoeshe jua na upepo kwa wiki 2 hadi 3 kwanza.

Kununua miche hiyo kwa ekari nzima hakuna maana. Nunua 350. Ipande kwenye kipande kilichotoka nyasi au ngano, itunze mwaka mmoja na nusu, igawe kwa 8: una 2,800. Rudia, una 22,400, na hiyo ni ekari. Ni njia ndefu, lakini unajua kila shina limetoka wapi. Hakikisha ile 350 ni ya kloni zaidi ya moja, mbili au tatu, maana shamba la kloni moja likipatwa na ugonjwa halina shina la kubaki. Na usitegemee kuvuna mbegu kwenye shamba la kloni moja. Kwa kuwa hakuna chavua ngeni, utapata makapi.

Asiye na miaka mitatu ya kusubiri, na mwenye maji, aanze na mbegu kwa shamba lote, kisha awe anachagua mama zake humo humo. Hiyo ndiyo njia tunayoiona inafaa wakulima wengi wa ekari moja au nusu. Asiye na maji anunue vipandikizi, lakini kwa masharti ya ndoo na kisu yaliyotajwa hapo juu.

Angalizo kuhusu mbegu za mtandaoni: pakiti nyingi zinazoitwa pareto zina ua lenye petali nyekundu au za waridi, Tanacetum coccineum, linalopandwa bustanini kwa urembo. Sumu yake ni kidogo na kiwanda hakitalinunua. Pareto ya biashara ni Tanacetum cinerariifolium, yenye petali nyeupe na majani yenye rangi ya majivu upande wa chini.

Kuchagua mama kwenye shamba la mbegu hufanyika msimu wa pili, kwa sababu msimu wa kwanza karibu kila shina linaonekana zuri. Pita wakati maua yamejaa, ukiwa na vijiti vilivyopakwa rangi. Weka kijiti kwenye shina lenye vikonyo vingi vilivyosimama bila kulala, duara pana la njano, na majani yasiyo na madoa. Pita tena baada ya mwezi mmoja na nusu. Lililoacha kuchanua, ng'oa kijiti chake. Mwisho wa msimu, mabua makavu yakishakatwa, chimba pembeni ya kila shina lililobaki na kijiti na utazame mizizi. Bakiza mama 30 au zaidi, wa sehemu tofauti za shamba. Kama mnunuzi anakubali sampuli ndogo, kausha maua yao peke yake yapimwe kabla hujagawa hata shina moja.